Nani Kasema, Nani Kalipa: Mwongozo Kamili wa Kusoma Umama Katika The Joys of Motherhood

Insha yangu ya kwanza kuhusu riwaya hii ilirudi na maneno mawili tu ya kalamu nyekundu pembeni: "Nani kasema?" Nilikuwa nimeandika kwamba Nnu Ego, mhusika mkuu, ni mama shujaa aliyejitoa kwa wanawe mpaka pumzi ya mwisho. Nikapamba na methali, uchungu wa mwana aujuaye mzazi, nikajiona nimemaliza kazi. Mwalimu hakubishana nami. Aliuliza tu nani kasema. Nilikaa na lile swali muda mrefu kabla sijaona kwamba karibu kila sifa anayomwagiwa mama katika kitabu hiki ina mwenyewe aliyeitamka, na huyo aliyeitamka mara nyingi ana chake anachokipata.

Mwongozo huu nimeujenga juu ya swali hilo pamoja na ndugu yake: nani kalipa? Ni wa mwanafunzi mwenye insha ya kuandika, lakini hata msomaji wa kawaida anaweza kuutumia. Riwaya yenyewe ni ya Buchi Emecheta, Mnigeria aliyezaliwa Lagos mwaka 1944 na kuhamia London mwaka 1962. Ilitoka mwaka 1979. Jina lake ni sawa na kusema "raha za umama", na usiliamini haraka.

Maandalizi

Tafuta nakala ambayo unaruhusiwa kuichorachora. Tafuta na daftari, kisha kila unapolifungua tumia kurasa mbili zinazotazamana: kushoto andika KAULI, kulia andika PESA. Utasoma mara mbili. Mara ya kwanza soma kama mtu yeyote, kasirika, cheka, ruka ukichoka. Mara ya pili ndiyo ya penseli. Ukianza na penseli siku ya kwanza utaua hadithi kabla haijakugusa, na insha ya mtu asiyeguswa huwa inajulikana tangu aya ya kwanza.

Hatua ya 1: Soma vichwa vya sura peke yake

Sura ziko 18. Fungua ukurasa wa yaliyomo, usome vichwa tu kutoka juu hadi chini. Cha kwanza ni "Mama", cha pili "Mama wa Mama". Huko katikati utakutana na "Mwanamke Aliyeshindwa" na "Kitega Uchumi cha Mama". Cha mwisho kinamtaja mama aliyetangazwa mtakatifu. Nimevitafsiri mwenyewe, lakini hata kwa tafsiri utaona safari: mama, deni, sanamu. Lugha ya nyumbani inaingiliwa na lugha ya biashara, halafu inafunikwa na lugha ya kanisa.

Papo hapo andika upande wa PESA jina la mhusika mkuu. Nnu Ego maana yake ni mifuko ishirini ya kauri, zile simbi zilizokuwa fedha kabla ya sarafu za Mwingereza. Baba yake, Agbadi, alimpa jina hilo kwa upendo, kwamba huyu mtoto anapita hata mali yote hiyo. Ni kweli ni upendo. Ila angalia kipimo kilichotumika.

Hatua ya 2: Kaa darajani

Ukurasa wa kwanza ni mwaka 1934, alfajiri, Lagos. Mwanamke anatoka mbio kwenye chumba cha uwani alikomkuta mtoto wake mchanga, Ngozi, amekufa. Anakimbilia daraja la Carter akajitupe majini. Matiti yake yanachuruzika maziwa, nguo imelowa.

Usipite hapa kwa haraka. Maziwa ndiyo jambo la pekee katika tukio zima ambalo halijatoka mdomoni mwa mtu. Mwili unaendelea na kazi yake, haujapata habari. Kila kitu kingine kinachofuata ni maneno. Watu wanakusanyika, wanamvuta, wanamgombeza kwa aibu anayowaletea. Kisha anatokea Nwakusor, mtu wa kwao Ibuza, anamtambua na kuwaeleza watu kwamba huyu si kichaa, amefiwa na mtoto aliyekuwa ushahidi wake kwa dunia kwamba yeye si tasa. Umati wote, watu wa makabila mbalimbali ambao dakika chache nyuma walikuwa wakizozana, unapoa. Wote wanaelewa. Wanakubaliana kwamba mwanamke asiyemzalia mumewe mtoto ni mwanamke aliyeshindwa.

Hapo ndipo daftari linapoanza kufanya kazi. Upande wa KAULI andika hivi: "mwanamke bila mtoto ameshindwa, msemaji: umati wa darajani." Msimulizi hajasema hivyo kwa niaba yake mwenyewe, ametusimulia kwamba watu wamekubaliana. Ukikosa kuiona tofauti hiyo hapa, hutaiona tena hadi mwisho, na utaandika insha kama yangu.

Hatua ya 3: Rudi Ibuza

Baada ya daraja Emecheta anaturudisha nyuma, Ibuza, magharibi ya mto Niger, kabla Nnu Ego hajazaliwa. Wasomaji wengi huona sura hizi kama historia ya kujaza kurasa. Zisome kwa kuwatafuta wanawake watatu.

Wa kwanza ni Ona, mama yake Nnu Ego. Baba yake hakupata mtoto wa kiume, hivyo hataki bintiye aolewe. Anataka akae nyumbani, awe na wapenzi, amzalie mrithi. Ona anampenda Agbadi lakini haolewi naye. Wanafikia mapatano: akizaliwa wa kiume atakuwa wa babu, wa kike atakuwa wa Agbadi. Wapo wanaomwona Ona kuwa mwanamke huru kuliko wote kitabuni kwa sababu hana mume. Mimi naona amebadilishiwa tu mwenye mali. Ila nakiri kwamba ni yeye pekee anayeonekana kufurahi bila kuomba ruhusa, kwa hiyo hoja hiyo pigana nayo mwenyewe.

Wa pili ni mjakazi asiye na jina. Mke mkubwa wa Agbadi amekufa, na desturi inadai mjakazi wake azikwe naye, akiwa hai. Binti anakataa, anaomba, anapigwa panga kichwani, anaahidi kurudi. Nnu Ego anazaliwa na uvimbe kichwani, na mganga anasema mjakazi yule ndiye chi yake, roho inayomwongoza. Usiishughulikie chi kama ushirikina wa kueleza kwa sentensi moja. Katika hadithi hii maana yake ni kwamba mwanamke anayenyimwa watoto ananyimwa na mwanamke aliyenyimwa uhai, na aliyemnyima ni nyumba ileile anamozaliwa mtoto.

Wa tatu ni Nnu Ego mwenyewe katika ndoa ya kwanza. Mumewe, Amatokwu, akiona miezi inapita bila mimba, anaoa mwingine, kisha anampeleka Nnu Ego shambani: kama hazai, basi alime. Mke mwenza anajifungua. Siku moja Nnu Ego anakutwa amempakata kichanga cha mwenzake, anamnyonyesha kwa siri, na anapigwa. Ukitaka kitendo kimoja kinachoonyesha kwamba hamu ya mtoto si ya kupandikizwa na jamii pekee, chukua hiki. Hapa hakuna umati, yuko peke yake na mtoto. Insha inayodai kwamba kila kitu ni shinikizo la jamii itakwama hapa, na ni vizuri ikwame.

Hatua ya 4: Jaza upande wa PESA

Hii ndiyo hatua ndefu kuliko zote, wala usiikimbie kwa kuona kwamba hesabu si fasihi.

Nnu Ego anapelekwa Lagos kwa mume wa pili, Nnaife, asiyemjua hata kwa sura. Nnaife ni dobi wa mzungu, Dakta Meers, huko Yaba. Anafua hadi nguo za ndani za mke wa bosi, na bosi anamwita nyani wakati wa kuagana. Nnu Ego anaona aibu: mwanaume wa Ibuza ni mkulima au mwindaji, huyu ni wa aina gani? Lakini ndiye anayempa mimba, na kwa hilo anamsamehe karibu yote.

Sasa linganisha uchumi wa sehemu mbili hizi. Ibuza watoto wengi ni mikono mingi shambani. Mama ana kibanda chake, kuna wake wenza na shangazi wa kumbebea mtoto, na uzeeni mikono ileile itamlisha. Umama pale ni kazi ngumu, lakini ni akiba. Lagos ni chumba kimoja, kodi kila mwezi, chakula cha kununua kwa shilingi, karo ya shule kwa pauni. Mtoto haongezi mavuno, anaongeza gharama. Na akishasoma, haelekei nyumbani kwa mama yake, anaelekea mbali zaidi.

Hata hivyo kanuni ya umama haijabadilika. Nnu Ego amehamia mjini na daftari la kijijini, anaendelea kuweka akiba katika benki iliyokwisha kufungwa. Kama ningeruhusiwa kubakiza sentensi moja tu ya mwongozo huu, ningebakiza hiyo.

Ifuatilie pesa yenyewe, sarafu kwa sarafu. Vita Kuu ya Pili inapoanza, akina Meers wanaondoka, Nnaife hana kazi. Anasafiri na mabwana wengine hadi kisiwa cha Fernando Po, na kwa miezi mke hana habari zake. Nnu Ego anauza sigara na viberiti, baadaye kuni. Nnaife akirudi anapata kazi ya kukata nyasi kwenye reli, kisha anakamatwa na kupelekwa jeshini, na kurudi kwake kunaleta mke mwingine mdogo, Okpo, si nafuu. Andika kila shilingi unayoiona: imetoka kwa nani, imeingia kwa nani. Ukifika kwa mabinti pacha, Taiwo na Kehinde, daftari litakuonyesha jambo ambalo macho yangeweza kuliruka. Wanatolewa shule wakauze, ili kaka zao, Oshia na Adim, waendelee kusoma. Mahari yao imeshapangiwa matumizi kabla hawajapata wachumba. Anayewaeleza kwamba ninyi ni wasichana na hao ni wavulana ni mama yao, yuleyule ambaye jina lake ni mifuko ya kauri.

Tahadhari moja kuhusu Nnaife: usimfanye shetani. Mtu anayeitwa nyani mchana na kutakiwa kuwa chifu usiku ni mhusika, si kinyago. Umaskini wake hauondoi makosa yake, ila bila umaskini huo hutaelewa kwa nini cheo cha ubaba ndicho pekee anachokishikilia kwa meno.

Hatua ya 5: Mweke Adaku kando ya Nnu Ego

Kaka yake Nnaife anafariki, na mmoja wa wajane, Adaku, anakuja Lagos kurithiwa. Ana mabinti, na mwana wake wa kiume anafariki. Siku moja ugomvi unatokea kwa sababu Nnu Ego amemtendea vibaya mgeni wa Adaku. Adaku anapeleka malalamiko kwa wazee wa Ibuza waliopo mjini. Kwa haki, mkosaji ni Nnu Ego. Lakini wazee wanamkemea Adaku, kwa kuwa mwenzake ameuzalia ukoo wana wa kiume na yeye hana.

Adaku hafanyi kile ambacho sisi wasomaji tumezoea kumtegemea mwanamke wa hadithi afanye. Halii hadi asubuhi. Anafunga virago, anatangaza kwamba ataishi kwa uzuri wake na biashara yake, na pesa yake itawasomesha mabinti zake. Anafanikiwa.

Kosa la kawaida ni kumtangaza Adaku mshindi na kufunga mjadala. Kabla hujafanya hivyo, ingiza mambo mawili daftarini. Bei ya uhuru wake ni jina: jamii ina neno moja tu la mwanamke wa namna hiyo, na yeye mwenyewe analitamka kabla hawajamtamkia. Pili, hajaacha umama. Ameusogeza kutoka kwa wana kwenda kwa mabinti. Kilichobadilika ni nani anawekeza kwa nani.

Hatua ya 6: Ingia mahakamani

Kehinde anatoroka kuolewa na kijana wa Kiyoruba, mtoto wa mchinja nyama. Nnaife anachukua panga, anawavamia wakwe hao wasiotakiwa, na anashtakiwa. Nnu Ego anaitwa kutoa ushahidi. Wakili wa mashtaka anamuuliza swali dogo tu: nani analipa karo ya watoto?

Anajibu kwamba ni Nnaife. Wakili anamchimba, mpaka inajulikana kwamba anayelipa, kwa kuuza kuni na vitu vidogovidogo, ni yeye mwenyewe. Hapo anatoa maelezo ambayo nimeyasoma mara nyingi na bado yananikaba: Nnaife ndiye kichwa cha familia, ananimiliki kama Mungu wa mbinguni anavyotumiliki sote, kwa hiyo hata kama karo nalipa mimi, yeye ananimiliki, maana yake yeye ndiye anayelipa. Mahakama inacheka.

Soma kicheko hicho kwa makini kuliko jibu. Kwa mantiki ya Ibuza, jibu limenyooka kabisa. Kwa mantiki ya mahakama ya kikoloni ni kichekesho, tena kinamwumiza mtu aliyekuja kumtetea, kwa sababu Nnaife anahukumiwa kifungo cha miaka mitano. Mwanamke amebanwa kati ya sheria mbili: moja inamfanya mali, nyingine inamcheka kwa kuwa mali. Ukurasa wa KAULI na ukurasa wa PESA, uliokuwa ukiujaza kwa majuma, hapa vinagongana katika mdomo wa mtu mmoja. Kama insha yako ina nafasi ya tukio moja tu, liwe hili.

Hatua ya 7: Sikiliza kejeli

Emecheta hapazi sauti. Anaweka sentensi baridi mahali penye moto. Anatuambia, kwa mfano, kwamba watoto wakiwa wema ni wa baba na wakiharibika ni wa mama, na kwamba kila mwanamke analijua hilo. Tafuta sentensi za aina hiyo, zinazosikika kama busara ya wazee. Kila ukiipata, rudi kwenye swali letu.

Jina la kitabu ni mfano mkubwa wa kejeli hiyo, na lina asili. Mwaka 1966 Flora Nwapa, Mwigbo wa Nigeria kama Emecheta, alichapisha riwaya yake Efuru. Inaishia na mungu wa kike wa ziwani, mwenye uzuri na utajiri, asiyewahi kuonja raha ya umama. Na swali la mwisho ni kwa nini basi wanawake wanamwabudu. Emecheta ameokota maneno hayo, raha ya umama, na kuyafanya jina la kitabu chake.

Halafu nenda mwisho wa kitabu chake. Nnu Ego amerudi Ibuza. Oshia yuko Marekani na ameoa mzungu, Adim yuko Kanada. Usiku mmoja anajilaza kando ya njia na kufa pale kimya, hana mtoto wa kumshika mkono wala rafiki wa kuzungumza naye. Hakuwa amepata nafasi ya kutengeneza marafiki wengi, msimulizi anasema, alikuwa ameshughulika mno kujijengea raha zake za umama. Watoto wote wanakuja kuzika. Mazishi yanakuwa ya kelele na gharama kuliko yote Ibuza iliyowahi kuona, na Oshia amekopa ili dunia ijue ni mwana mwema. Anajengewa madhabahu, wajukuu watakaokosa watoto wamwombe. Wanamwomba. Yeye hawapi.

Kwa Nwapa wanawake wanamwendea asiyezaa. Kwa Emecheta wanamwendea aliyezaa, naye ananyamaza. Andika mkopo wa Oshia upande wa PESA. Upande wa KAULI acha mstari mtupu, kwa sababu hii ni mara ya kwanza Nnu Ego anajibu kwa kutokujibu.

Hatua ya 8: Andika hoja

Sasa una kurasa nyingi za maelezo na sentensi haziji. Ni kawaida. Jaribu kujaza fremu hii: "Riwaya inaonyesha kwamba (kauli fulani kuhusu mama) inasemwa na (fulani) wakati gharama yake inalipwa na (fulani), na hili linaonekana zaidi pale (tukio)."

Hoja dhaifu: "Buchi Emecheta anaonyesha mateso ya mwanamke wa Kiafrika." Haina mtu, haina mahali, na inaweza kubandikwa kwenye vitabu mia. Pia Nnu Ego ni Mwigbo wa Ibuza aliyehamia Lagos ya Mwingereza. Ukimpanua awe bara zima, unampoteza.

Hoja yenye mwili: "Nnu Ego anaumizwa na umama wa kijijini uliohamishiwa kwenye uchumi wa mshahara, ambapo bado anadaiwa kuzaa kama mkulima huku akilipa kama mfanyakazi wa mjini, ushahidi wake mahakamani ndipo hesabu hizo mbili zinapokataa kulingana." Inaweza kupingwa, na hilo ndilo linaloifanya hoja. Ukipinga kwa kutumia usiku ule wa kunyonyesha kwa siri, utakuwa na aya nzuri ya katikati.

Kuhusu maisha ya mwandishi: Emecheta alizaa watoto watano, akaachana na mume akiwa na umri wa miaka 22, akawalea London huku akisomea sosholojia na kuandika. Tumia taarifa hizi mara moja, kwa uchache, usizifanye funguo. Hakuna anayekulipa kuthibitisha kwamba riwaya ni shajara.

Ukimaliza rasimu, ipitie na kalamu nyekundu wewe mwenyewe. Kila penye "jamii inaamini", futa na uweke jina: wazee wa Ibuza, Nwakusor, Amatokwu, wakili, Nnu Ego. Baada ya hapo fungua tena sura ya kwanza, soma kurasa za darajani ukiwa umeshajua madhabahu inakuja. Kuna nguo iliyolowa maziwa, na kuna umati unaoongea.